Tabasamu lililokwenda upande baada ya kupooza uso: ulichobaki nacho ni kukaza, si kulegea

Swali: Nina miaka 34, naishi Morogoro. Miezi 14 iliyopita niliamka upande wa kulia wa uso umepooza, hospitali wakasema ni kupooza kwa Bell. Nilipewa dawa, na baada ya miezi mitatu hivi uso ukaanza kurudi. Sasa jicho nafumba na chai nakunywa bila kujimwagikia. Tatizo ni tabasamu. Nikicheka jicho la kulia linajifunga, shavu linakaza kama kuna kamba ndani, na pembe ya mdomo haipandi. Mmoja ananiambia nikapigwe mashine ya umeme, mwingine nitafune bigijii na kupuliza maputo, daktari wa meno anasema vyuma vya meno, na kuna saluni wanachoma Botox. Harusi ya mdogo wangu ni baada ya wiki kumi. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Maneno machache katika swali lako ndiyo yamebeba jibu: shavu linakaza kama kuna kamba ndani. Wanaokuambia mashine, bigijii na maputo wanautibu upande wako wa kulia kana kwamba umelegea. Ulilegea miezi 14 iliyopita. Sasa umekaza kupita kiasi, tena unakaza mahali pasipotakiwa. Msuli uliolegea hupewa mazoezi ya nguvu. Uliokaza ukipewa mazoezi hayohayo unazidi kukaza. Ukilishika hilo, hutapata shida kuchagua kati ya hao washauri wanne.

Neva ya uso ni ya saba kati ya jozi 12 za neva za kichwa. Hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, ikitoka hapo inatawanyika katika matawi makuu matano: la paji, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Ilipovimba ndani ya mfereji ule haikuwa na pa kutanukia, ikajibana. Nyuzi zilizobanwa tu ziliamka zenyewe uvimbe ulipopungua. Zilizoharibika zilibidi ziote upya, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku, na nyingine zikapotea njia. Uzi uliokuwa wa shavu ukaishia kwenye jicho, wa jicho ukaishia mdomoni au shingoni. Ni kazi ya fundi umeme aliyechanganya nyaya: unabonyeza swichi ya sebuleni, inawaka taa ya sebuleni pamoja na ya choo na ya barazani. Madaktari huiita sinkinesia.

Sasa angalia kinachotokea ukitabasamu. Kuna msuli unaotoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo. Huo ndio unaoivuta pembe juu na nje, tuuite mvutaji. Chini yake kuna msuli mdogo wa pembetatu unaotoka ukingo wa taya na kuishusha pembe, ule unaotumika mtu akinuna. Tuuite mshushaji, ingawa kwa daktari utausikia kwa herufi DAO. Pembeni ya shingo kuna utando mpana wa msuli chini ya ngozi, platisma, nao huvuta chini. Kwa mtu mzima wa afya, mvutaji akiitwa hao wengine hukaa kimya. Kwako wote wanaitikia kwa pamoja, kama kamba inayovutwa pande zote mbili, na pembe inabaki palepale. Kwa hiyo pembe kutopanda si ushahidi kwamba mvutaji amekufa. Mara nyingi anavuta sana, ila kuna wanaomrudisha.

Ile miezi mitatu uliyoitaja nayo ina maana. Erik Peitersen wa Copenhagen alifuatilia wagonjwa 1,701 wa kupooza kwa Bell ambao hawakupewa dawa. Asilimia 85 walianza kupata nafuu ndani ya wiki tatu, na waliobaki walianza kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Wanaobaki na mabaki ya aina hii hutoka zaidi katika kundi la pili, kwa sababu kuchelewa huko ndiko muda wa nyuzi kuota upya. Prednisoloni, dawa inayopunguza uwezekano wa kufika hapa, hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2007 ilitolewa miligramu 25 mara mbili kwa siku kwa siku 10, na baada ya miezi tisa waliopona kabisa walikuwa asilimia 94, dhidi ya 82 kwa wasioipata. Leo, mwezi wa 14, prednisoloni haina kazi tena kwako. Sindano za vitamini B ambazo bila shaka umeshashauriwa hazirudishi uzi uliopotea kwenye njia yake.

Kabla ya kutumia hata shilingi, hakikisha mwenyewe mbele ya kioo, mchana, ukiwa umekaa karibu na dirisha ili mwanga uanguke usoni sawasawa. Simamisha simu kwenye usawa wa macho, mita moja na nusu hivi kutoka ulipo, urekodi video. Kwanza tulia bila kufanya chochote. Tazama ule mkunjo unaotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo: uso uliolegea mkunjo wake hufutika na pembe ya mdomo hushuka; uso uliokaza mkunjo wake huwa mzito kuliko wa upande mzima, na jicho huonekana dogo. Kisha pepesa macho taratibu bila kufanya lolote na mdomo. Je, pembe ya kulia inacheza? Chonga mdomo kama anayepiga mluzi: jicho la kulia linapungua? Onyesha meno: shingo inatoa kamba upande wa kulia, kidevu kinafanya vishimo kama ganda la chungwa? Ukijibu ndiyo kwa mawili au matatu, ni sinkinesia.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linaonekana hata kwa kidole. Weka ncha ya kidole sentimita moja hadi moja na nusu chini ya pembe ya mdomo ya kulia, kuelekea ukingo wa taya. Tabasamu kidogo. Ukihisi kitu kinajikaza chini ya kidole kama uzi wa gitaa, huyo ndiye mshushaji, naye hakupaswa kuwapo kwenye sherehe hiyo. Fanya vivyo hivyo kushoto ulinganishe. Daktari mwenye uzoefu hulipeleka jaribio hili mbali zaidi: anachoma ganzi kidogo ya lignokaini kwenye msuli huo, anasubiri dakika chache, kisha anakuambia utabasamu. Pembe ikipanda, mmeshajua mhusika ni nani, na mmejua pia kwamba sindano ya kulegeza au upasuaji mdogo wa msuli huo utasaidia. Isipopanda kabisa, tatizo lipo kwingine na umeokoa pesa zako.

Tiba yako ya msingi ni kufundisha uso upya, nayo haina dawa wala kisu. Uholanzi waliiendeleza kwa kuchanganya fiziotherapia na ufundi wa waigizaji wa maigizo bubu, kwingine hufanywa kwa kioo tu au kwa mashine inayoonyesha kwenye skrini ni msuli gani unaitikia. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayepaswa kukuanzisha, maana wengi hukosea siku ya kwanza na kukaririsha makosa. Lakini utaratibu wenyewe unafaa uujue.

Unaanza kwa kulegeza, kamwe huanzi kwa kutabasamu. Kitambaa cha maji ya vuguvugu shavuni dakika tano hadi kumi. Joto liwe la kuvumilika kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kwa sababu shavu linaungua upesi. Nawa mikono, kata kucha, ingiza kidole gumba cha mkono wa kushoto ndani ya shavu la kulia, kidole cha shahada kikiwa nje, ukilishika shavu kama unavyopima unene wa chapati. Utakuta mahali pagumu, mara nyingi katikati ya shavu au karibu na mkunjo. Pabane kwa upole, vuta kuelekea mdomoni na chini, ushikilie sekunde 30, uachie. Rudia mara nne au tano, ukihamisha vidole kidogo. Kwa mshushaji, shika chini ya pembe ya mdomo na uusukume juu na nje, sekunde 30 vilevile. Kwa shingo, weka kiganja juu ya mfupa wa mtulinga wa kulia, inamisha kichwa kuelekea bega la kushoto na kuinua kidevu kidogo mpaka uhisi ngozi ya shingo inavutika. Mara mbili au tatu kwa siku. Ni kuvuta kwa subira. Wanaosugua kama wanafua wanaliamsha lile shavu badala ya kulilaza.

Baada ya hapo ndipo tabasamu linaingia, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Mbele ya kioo tabasamu dogo sana, meno yasionekane, ukilitazama jicho la kulia. Endelea polepole mpaka pale jicho linapotaka kuanza kujifunga. Simama hapo. Rudi nyuma kidogo. Hicho ndicho kiwango chako kwa wiki hii, hata kama kinakuchosha roho kwa udogo. Shikilia sekunde tatu ukiwa umelegeza jicho, achia, tulia kwa muda huohuo, rudia mara tano hadi kumi.  Upande wa kushoto nao una zoezi lake: uufundishe kupunguza. Baada ya mwaka wa kufanya kazi ya pande mbili, ule upande mzima huwa unavuta kwa nguvu zote, na sehemu ya upinde unaouona kwenye picha ni wake. Zoezi zima lisizidi dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, mahali penye utulivu. Marudio hamsini mbele ya televisheni hayafai, kwa sababu kinachofundishwa ni ubongo, nao usipokuwapo hakuna kinachofundishwa.

Usitarajie kitu wiki ya kwanza. Kukaza kunaweza kupungua ndani ya wiki chache, lakini kutenganisha jicho na mdomo ni kazi ya miezi, pengine mwaka na zaidi. Mtaalamu mzuri atakupima kwa mizani ya Sunnybrook, ambayo ni alama 100: anajumlisha jinsi uso unavyotembea, kisha anapunguza alama za uso usiolingana ukiwa umetulia na alama za sinkinesia. Mwombe akuandikie namba hiyo siku ya kwanza. Mtaalamu asiyepima chochote na ambaye kila kikao ni kukuwekea pedi na kuondoka chumbani, mshukuru uende zako.

Hapo tumefika kwenye mashine ya umeme. Kataa. Umeme unaopitishwa kwenye ngozi hukaza kila kilicho chini ya pedi kwa pamoja, yaani unafanya mazoezi ya kosa lilelile tunalotaka kulifuta. Bigijii na maputo ni hadithi hiyohiyo kwa njia ya bei nafuu. Bigijii yenyewe haina dhambi, ukitamani tafuna. Kosa ni kuifanya dawa, na zaidi ya hapo misuli ya kutafuna haiendeshwi hata na neva hii, inaendeshwa na neva ya tano. Kupuliza puto kunataka uso mzima ukaze kwa nguvu, jicho, shavu, kidevu na shingo kwa mpigo. Ukitaka kuona sinkinesia yako katika ubora wake, puliza puto mbele ya kioo mara moja. Halafu usirudie.

Botox kwa upande mwingine ni tiba halali kabisa kwa hali yako, ila si ya saluni. Dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu aina ya A. Botox ni chapa moja, Dysport ni nyingine. Inazuia neva isiuamrishe msuli kwa muda. Unaanza kuona mabadiliko siku ya tatu hadi ya saba, nguvu yake hufika kileleni wiki ya pili, na huisha baada ya miezi mitatu hadi minne. Saluni wanaujua uso unaolingana wenye mikunjo; wako ni uso ambao yuniti mbili zikihama nusu sentimita zinamgusa mvutaji, na hapo tabasamu ulilotaka kuliinua linalala kabisa hadi miezi mitatu ipite. Tafuta daktari aliyewahi kuwachoma wagonjwa wa sinkinesia, awe wa masikio, pua na koo, wa neva, wa macho au wa upasuaji wa ukarabati. Muulize swali moja: atachoma misuli gani, na kwa nini? Akijibu kwamba anachoma shavu ili lipande, ondoka. Hakuna sindano ya aina hii inayopandisha. Yote hulegeza, na ujanja wote ni kuchagua cha kulegeza.

Kwa kipimo cha Botox, viwango vya kuanzia kwa mtu kama wewe ni vidogo: yuniti 1 hadi 2.5 kwa kila nukta kuzunguka jicho la kulia, nukta mbili hadi nne; yuniti 2.5 hadi 5 kwa mshushaji. 2 hadi 5 kidevuni kama kuna vile vishimo. Na kwenye kamba za shingo yuniti 2 au 2.5 kwa nukta, jumla 10 hadi 20. Pengine pia 2.5 hadi 5 upande wa kushoto, kwenye msuli unaoshusha mdomo wa chini, iwapo meno ya chini yanaonekana upande huo tu ukizungumza. Yuniti za Dysport si sawa na hizi, idadi yake huwa mara mbili na nusu hadi tatu ya hizi, kwa hiyo usilinganishe risiti yako na ya mtu mwingine. Omba uione chupa kabla haijafunguliwa: jina, tarehe ya mwisho, na kwamba inatoka kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Chupa ya yuniti 100 ikichanganywa na mililita 2.5 za maji ya chumvi, kila mililita 0.1 hubeba yuniti 4. Hesabu hiyo itakuwezesha kujua bomba la sindano lina nini kabla halijakugusa.

Mara ya kwanza bora ichomwe pungufu, urudi baada ya wiki mbili kuongezewa, kuliko kuzidishiwa, kwani hakuna dawa ya kuifuta. Ikitambaa, unaweza kuona kope imeshuka, chakula kinakwama kati ya shavu na fizi, mate yanatoka pembeni, au herufi p na b zinakuwa nzito. Yote huondoka, ila kwa ratiba yake. Usisugue sehemu zilizochomwa siku hiyo, na kwa jicho uwe na matone ya kulainisha endapo litakauka usiku. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una mayasthenia (ugonjwa wa misuli kuchoka upesi), au uko kwenye dozi ya antibiotiki ya gentamaisini, sindano inasubiri. Na kuchoma bila mazoezi ni kupoteza nusu ya faida: miezi ile mitatu ambayo washushaji wamelala ndiyo nafasi ya kumfundisha mvutaji kazi yake bila wapinzani. Wanaounganisha vyote viwili mara nyingi hupata kwamba kipindi kinachofuata wanahitaji nukta pungufu.

Vijazo vya ngozi, vile vya kujaza mikunjo, viache. Upande wako umeshajaa. Kuujaza zaidi kunauzidisha uzito.

Kuhusu meno, daktari wako hakudanganya kwa makusudi, yeye anaona kinywa. Lakini vyuma vya meno vinahamisha meno, havihamishi mdomo. Jipime hivi: ng'ata rula safi kwa meno ya mbele, ilale mlalo, upige picha uso ukiwa wima. Rula ikiwa sambamba na mstari wa mboni za macho, taya na meno yako yako sawa na kilichopinda ni mdomo, kwa hiyo vyuma havina cha kurekebisha. Rula ikiinama waziwazi upande mmoja, hapo kweli kuna suala la mfupa au meno: vyuma vikisaidiwa na skrubu ndogo za mfupa vinaweza kupandisha meno milimita kadhaa, na mwinamo mkubwa hutaka upasuaji wa taya ya juu. Fizi iliyoshuka upande mmoja hupunguzwa kwa upasuaji mdogo wa fizi. Ila hata kama una tatizo hilo, usibandike magamba ya kufunika meno wala kukata fizi mwaka huu ili zifuate mdomo uliopinda. Mdomo ukinyooka kwa sindano, meno yatakuwa ndiyo yaliyopinda, na hayo hayarudi.

Upasuaji upo, na kwako uko mbali. Wa kwanza kufikirika, iwapo sindano ya mshushaji imekufaa mara mbili tatu na umechoka kurudia, ni kuondoa kipande cha msuli huo kupitia ndani ya mdomo kwa ganzi ya kawaida. Hauachi kovu nje. Wa pili ni mkubwa: kufungua mbele ya sikio, kuyatafuta matawi ya neva kwa kifaa cha umeme mdogo, na kukata yale tu yanayoita washushaji na kufunga jicho. Unafanywa chini ya usingizi kamili, tena na mtu ambaye kazi yake ni hiyo, kwa kuwa tawi lisilo sahihi likikatwa hupoteza hata lile tabasamu dogo ulilonalo. Usikubali upasuaji wowote wa namna hii kabla ya mwaka mzima wa mazoezi pamoja na sindano.

Ukisoma mtandaoni utakutana na kuhamisha msuli wa paja kuja shavuni. Hiyo ni ya watu ambao uso wao haujarudi hata chembe, haikuhusu, lakini kwa kuwa wasomaji wengine watapita hapa: misuli isiyofikiwa na neva hunyauka, na dirisha la kuiokoa kwa kuunganisha neva nyingine, kama ile ya kutafuna, hukaribia kufungwa kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Baada ya hapo ndipo msuli wa ndani ya paja, gresilisi, huletwa pamoja na mishipa yake ya damu, au msuli wa kipaji cha pembeni hushushwa hadi mdomoni. Ukiunganishwa na neva ya kutafuna, mgonjwa hujifunza kutabasamu kwa kung'ata kwanza, na mwendo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa mzee asiyeweza upasuaji mrefu, ukanda wa utando wa paja huishikilia pembe ya mdomo juu. Hautembei, lakini mate na chai havimwagiki. Aliyefika mwezi wa nne bila msogeo wowote asingoje: apelekwe kwa bingwa na apigwe picha ya MRI.

Na wewe picha hiyo utaihitaji iwapo kupooza kulikuja taratibu kwa wiki kadhaa badala ya usiku mmoja, kama kuna uvimbe mbele ya sikio au chini yake, usikivu umepungua upande huo, au uso umepooza upande uleule kwa mara ya pili. Kama hukupimwa sukari na virusi vya ukimwi wakati ule, pima. Kupooza uso kunaweza kuwa dalili ya mapema ya maambukizi, na kwetu ni uzembe kuacha kupima. Mdomo ukienda upande ghafla huku paji likiendelea kukunjamana vizuri, au mkono ukilegea na maneno yakavurugika, hiyo ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Sasa wiki zako kumi. Wiki hii anza kulegeza shavu na utafute miadi. Ukiwa Morogoro, Muhimbili au KCMC ya Moshi ni mahali unapoweza kumkuta bingwa wa masikio, pua na koo na fiziotherapia chini ya paa moja. Nenda na video mbili, ile ya kioo na yoyote ya zamani unayocheka kabla ya ugonjwa, maana daktari hawezi kukisia tabasamu lako lilikuwaje. Sindano, kama mmekubaliana, ichomwe wiki ya nne au ya tano, isizidi hapo. Wiki ya saba unarudi kukaguliwa na kuongezewa panapopungua, na bado unabaki na wiki tatu za kuuzoea uso wako mpya na za kosa dogo kujionyesha mapema. Wiki ya tano ikipita hujapata daktari wa kuaminika, acha sindano mpaka harusi ipite. Mdomo ulioupata kwa mazoezi, hata ukiwa na kasoro, unaujua. Uliochomwa siku tisa kabla ya sherehe hujui utakufanyia nini.

Siku yenyewe, uso huo hukaza zaidi ukichoka na ukipigwa na upepo wa baridi, kwa hiyo picha za familia ziombe mapema, kabla ya ukumbi na kiyoyozi. Kitambaa cha vuguvugu dakika tano kabla ya vipodozi, kuvuta shavu mara nne, kisha lile tabasamu dogo la kioo ulilolizoea. Mpiga picha mwambie asihesabu moja, mbili, tatu. Kukuhesabia kunakufanya ushikilie tabasamu, na kulishikilia ndiko kunakoliita jicho. Apige mfululizo wakati unaanza kucheka, kabla halijafika mwisho.